Elimu, Kazi na Utulivu wa Moyo



Kijana mmoja wa Bunda, asomaye shahada ya pili, alinijia mjini Musoma baada ya Sala ya Alasiri. Akasema: "Sheikh, baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Nimeomba kazi kila mahali, wala sijajibiwa. Usiku silali, na nyumbani naona haya kurudi. Je, imani yangu imepungua?"

Jawabu limo katika Kurani Tukufu, Sura ya 12. Nabii Yakubu a.s. alihuzunika hata macho yake yakadhurika, wala hakuacha kuwa nabii. Tena aliwakataza wanawe kukata tamaa. Basi huzuni si ukafiri. Aliyeelemewa na amlilie Mola wake katika Sala, awaambie wazee wake, tena amwendee mganga wa hospitali; kwani Mtume s.a.w. alituamrisha kutafuta dawa.

Kisha mtazameni Yusufu a.s. Alitupwa kisimani, akauzwa, akafungwa. Hakuna hata moja katika hayo alilolipanga yeye. Lakini tangu gerezani alitoa shauri la kuweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Na mlango ulipofunguka, aliomba mwenyewe kusimamia hazina, akitaja uaminifu na ujuzi wake. Basi kuomba kazi si aibu, na kupanga mambo si kukosa tawakali.

Hapa jirani, Butiama, alizaliwa Julius Nyerere mwaka 1922. Alisomea ualimu Makerere, akapata shahada ya M.A. huko Edinburgh mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1955 ikambidi achague baina ya ualimu na kazi ya TANU, akauacha mshahara. Hata hivyo, jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa kwake mwaka 1999. Cheo huondoka, elimu hubaki na mwenyewe.

Ewe kijana, pima unachokiweza, shauriana na wajuzi, uswali Istikhara, na ushike kazi ya halali iliyo karibu, iwe shamba la pamba au kufundisha watoto, huku ukitafuta nyingine.

Kijana yule nilimsindikiza kwao. Mzee wake alimsikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Niliuza ng'ombe, mwanangu sikumwuza."

Wazazi, waambieni watoto wenu neno kama hilo kabla hawajaliuliza. Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya heri na kuituliza mioyo yao. Amin.