Maumivu Yasiyoonekana



Mama mmoja mzee wa huku milimani aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, walakini maumivu hayakuondoka. Hata nguo ikimgusa humchoma kama moto. Akaniuliza, "Mchungaji, kidonda kimepona, mbona mimi sikupona?" Mganga wa hospitali alimwandikia dawa, naye alipofika dirishani akaambiwa kwamba bima haimlipii dawa ile. Nikajiuliza: Je, maumivu yasiyoonekana hayana haki?

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Maumivu haya hutoka katika mishipa ya fahamu iliyoharibika, kwa mkanda wa jeshi, kwa kisukari, au kwa ukoma. Dawa za kawaida mara nyingi haziyatulizi. Dawa zisaidiazo zilitengenezwa kwa ajili ya magonjwa mengine: amitriptilini kwa ugonjwa wa huzuni, gabapentini kwa kifafa. Basi karani wa bima, akiona dawa ya kifafa imeandikwa kwa mtu asiye na kifafa, aweza kudhani kuna kosa au hila.

Tusimhukumu upesi. Fedha anayoilinda ni ya wengi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Yote miwili ni kazi ya kuchukuliana mizigo. Sisi Wapare twaijua kazi hiyo, maana ni msaragambo. Wote huchimba mfereji, na maji ya ndiva hugawiwa kwa zamu. Asiyetaka zamu ataka shamba la jirani likauke.

Lakini mgawa maji mwenye haki hushuka kumsikiliza mwenye shamba la mwisho. Vivyo hivyo, mganga na aandike wazi sababu ya dawa, na sababu hiyo isomwe na mtu aujuaye ugonjwa. Mgonjwa naye aseme kweli. Maana maumivu haya hayana shahidi ila neno lake, na mwongo mmoja huwafanya wakweli wengi wasisadikiwe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023. Ni jambo jema. Walakini kadi haitoshi, ikiwa neno la mgonjwa halisikiwi.

Mama yule alinunua dawa kwa fedha ya tangawizi, na sasa hupata usingizi. Lakini fedha ile ilikuwa ya shule ya mjukuu wake.