Kigae chenye Mfereji

Ndugu zetu wasomaji, tuseme mtu wa Kinjumbi analima shamba lake, jembe likagusa kitu, naye akainama akakiokota. Ni kipande cha chungu cha kale, chaenea kiganjani, nacho kina mfereji mwembamba uliolainika kwa kusuguliwa. Akakipeleka nyumbani, majirani wakakusanyika. Mmoja akasema, “Hiki cha kunolea mishale.” Wa pili akasema, “La, ni kitu cha uganga.” Wa tatu akasema, “Kitupeni, kisije kikaleta shari.” Je, katika hao watatu, nani amesema vema?

Vigae vya namna hii vilionekana Kilwa Kisiwani, Neville Chittick alipochimba huko katika miaka ya 1960. Na Tumbe, kisiwani Pemba, vilionekana vingi sana. Wenye elimu ya mambo ya kale huvihesabu kuwa ni vya kusugulia shanga. Watu wa zamani, yapata miaka elfu moja iliyopita, walivunja makombe ya pwani, wakayatoboa vipande vidogo, wakavisugua katika mfereji hata vikawa mviringo. Walakini wenye elimu hao hawakupata maana hiyo kwa kutazama kigae kimoja. Walitazama vingi, wakapima mifereji, wakaangalia mahali vilipolala na vitu vilivyokuwa pamoja navyo.

Basi tuyafikiri maneno ya wale majirani. Wa kwanza alikisia, na kukisia si kosa, mradi mtu aseme kwamba anakisia. Wa pili alifanya jambo zito zaidi. Maana anenaye “uganga” hakisemi kitu peke yake. Amshitaki na mwenye kitu. Huenda alikuwa mama wa nyumba, akifanya kazi ya mikono yake kwa saburi. Naye amekwisha kufa, hawezi kujitetea.

Labda mtu atauliza, “Je, si salama zaidi kukitupa kitu tusichokijua?” Twajibu: kitu kibaya kilichojulikana ni haki kukiacha, lakini kutupa kwa hofu tu si utambuzi. Kitu kikiisha kutupwa hakiulizwi tena, wala hakimtetei mtu.

Tena, kumbukeni kwamba swali “Ni cha nini?” lina majibu mawili. Mfinyanzi alifanya chungu cha kupikia. Chungu kilipovunjika, mwingine alikitwaa kigae akakipa kazi ya pili. Basi ajuaye mwanzo wa kitu hajajua bado habari zake zote; na kwa wanadamu ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu, ukiokota kitu cha kale, weka alama mahali ulipokiona, waulize wazee, ukawape habari watumishi wa mambo ya kale, maana sheria ya mwaka 1964 huvilinda vitu hivi. Na ukiulizwa kabla hujajua, sema, “Sijui.” Neno hilo halimwaibishi mwalimu wala mzee, bali lile la kuhukumu upesi limekwisha kutenga jamaa nyingi.