Mlango wa chumba ufungukie wapi?

Tulipofikia kuweka milango katika nyumba yetu mpya, hapa Mangobo, fundi alituuliza: "Mwalimu, milango ya vyumba ifungukie ndani ao inje?" Tulicheka. Kumbe swali hilo lingetugombanisha nyumbani juma zima.

Desturi tunaijua. Mlango wa chumba unafungukia ndani, na bawaba zinakaa upande wa kitanda, ili mlango ukifunguliwa kidogo ubao wake ufiche malalo. Bokilo akipita koridorini, asione kitanda cha mtoto wake. Aliye ndani njo anaitika hodi, njo anaamua nani aingie. Wengine wanaita hiyo mambo ya kijijini. Sisi tunaona ni heshima.

Lakini tunaishi na mama yetu mzee. Mwaka jana, katika nyumba tuliyopanga, alianguka nyuma ya mlango wa dushi. Tulisukuma, naye akalia: mwili wake njo ulizuia mlango, na kila tukisukuma tulimuumiza. Bawaba zilikuwa ndani, hatukuweza kuzing'oa. Tukapasua mbao kwa shoka.

Basi tukaamua: milango yote ifungukie inje. Bibi yetu akakataa. Koridori ni mita moja tu, akasema, mlango utapiga watoto usoni. Tena akatukumbusha vita vya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu Kisangani. Kwao walijilaza koridorini, mbali na madirisha. Mlango unaofungukia inje, watu wakilala mbele yake, aliye chumbani atatokaje? Hatukuwa na jibu.

Mwisho tukamuuliza mama mwenyewe, jambo tulilopaswa kuanza nalo. Alitaka mlango wa chumba chake ufungukie ndani. "Ule wa inje, kila mtu atavuta tu na kuniona. Wa ndani ninauzuia na fimbo yangu." Tukajiuliza: mlango ni wa nani, wa aliye ndani ao wa anayekuja kumsaidia? Anaogopa kuonwa kuliko kuanguka; tunaweza kumwambia anakosea?

Tukamfanyia alivyotaka, ila bila komeo. Wa dushi peke yake unafungukia inje. Juma hili umekwama, mbao imevimba kwa mvua. Tunamngoja fundi na randa yake.