Pete ya Almasi na Haki ya Mahari

Tumeulizwa katika darasa letu, wala si mara moja, juu ya pete za almasi ambazo baadhi ya vijana wetu wa Kiislamu huwavika wachumba wao wakati wa posa. Muulizaji mmoja ataka kujua kama jambo hili ni haramu. Mwingine hakuuliza habari za haramu wala halali, bali alitaka tumfahamishe vipi achague jiwe zuri asipunjwe na sonara. Twaona maswali haya hayafai kutenganishwa, kwani mtu hawezi kuchagua vyema kitu ambacho hajajua akinunua kwa sababu gani.

Kwanza tuiondoe hoja iliyo nyepesi. Wako wasemao kuwa haya ni mambo ya Wazungu, na kwao maneno yamekwisha hapo. Sheikh Nasiruddin al-Albani aliikemea pete ya uchumba kwa hoja ya kujifananisha na wasiokuwa Waislamu, na mwenye kuifuata kauli yake hatumlaumu. Lakini hoja hiyo peke yake haifiki kwenye mzizi. Mtume (s.a.w.) alivaa pete ya fedha, na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Mwanamke ameruhusiwa mapambo ya dhahabu na vito. Wala almasi yenyewe si ngeni katika nchi zetu: hapo jirani, Mwadui karibu na Shinyanga, John Williamson aligundua mgodi mkubwa mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi la karati 54 na nusu, akatunukiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Ikiwa ugeni ndio aibu, basi na saa za mkononi tuzivue. Aibu, kama ipo, tuitafute pengine.

Tuitafute katika khabari ya desturi hii ilivyoanza. Wakuu wa Ulaya walipeana pete za almasi tangu zamani, lakini hiyo ilikuwa anasa ya wachache. Baada ya mawe kuonekana Afrika ya Kusini mwaka 1867, na machimbo ya Kimberley kufunguliwa mwaka 1871, almasi zikawa nyingi, na kitu kingi hushuka bei. Ndipo ilipoundwa kampuni ya De Beers mwaka 1888, ikaikusanya migodi chini ya mkono mmoja ili mawe yatolewe kwa kipimo. Ikabaki kazi ya pili, nayo ni kuwafanya watu wayatake. Mwaka 1938 kazi hiyo ilikabidhiwa watangazaji wa Marekani, N. W. Ayer, na mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, akatunga maneno machache ya kuidai almasi kuwa haina mwisho. (Bibi huyo mwenyewe hakuolewa maisha yake yote.) Nchini Japani, ambako ndoa zilikuwa na taratibu zake za karne nyingi, mwaka 1967 wanawake waliochumbiwa kwa pete ya almasi hawakufika 5 katika kila 100, kufika mwaka 1981 walikuwa kiasi cha 60. Miaka 14 tu! Kisha yakaja matangazo ya kumwambia mwanamume atumie mshahara wa miezi miwili kwa jiwe moja. Sharia haikuweka kiwango hicho, wala wazee wetu hawakukiweka. Amekiweka muuzaji, naye ndiye mwenye kupokea fedha.

Sasa litazameni jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka 1954 wataalamu wa kampuni ya General Electric waliweza kutengeneza almasi kwa mashine, na leo zinatengenezwa za kuvaliwa, ambazo kwa dhati yake ni kaboni ile ile itokayo ardhini, na jicho la mtu haliwezi kuzipambanua. Mwaka 2018 De Beers wenyewe walianza kuziuza kwa dola 800 kila karati, bei iliyo chini mno ya zile za mgodini. Twawauliza vijana wetu: akipewa mchumba wako jiwe la mashine, aling'are vile vile kidoleni, kwa nini uone haya kumwambia? Ukiona haya, basi hukuwa ukitafuta uzuri, kwani uzuri umeupata. Ulikuwa ukitafuta gharama, tena gharama itakayojulikana na watu. Na kutoa ili watu waone kuna jina lake katika dini yetu, nalo ni riyaa.

Tulipofika hapo darasani, dada mmoja katika wanafunzi wetu alitupinga kwa maneno makali, nasi twayaandika kwa sababu yana haki ndani yake. Alisema kwamba wanaume hukumbuka kubana matumizi pale tu kinapotajwa kitu cha mwanamke. Gari la mwanamume halina darasa. Akatukumbusha Aya ya 20 ya Suratun Nisaa, iliyomkataza mume kurejesha chochote hata kama alimpa mkewe mrundi wa mali. Akauliza: Mwenyezi Mungu hakuuwekea mpaka wingi huo, nyinyi mwauwekea kwa nini?

Kauli hiyo ni sahihi, wala hatukusudii kumfundisha mtu ubahili. Lakini Aya hiyo yasema juu ya mahari, na hapo ndipo penye maradhi yenyewe. Mahari ni haki ya mwanamke, aitaje mwenyewe, aikabidhiwe mkononi, aitumie apendavyo bila ya idhini ya mume wala baba. Pete ya posa haikufaradhiwa na yeyote. Nasi twawaona vijana wanaokopa ili wanunue jiwe, kisha siku ya akdi mahari huandikwa kuwa ni deni, na deni hilo husahauliwa mpaka kifo au talaka ilikumbushe mbele ya Kadhi. Kisicho wajibu kimelipwa taslimu na kilicho wajibu kimeahirishwa! Tena bangili ya dhahabu, mke akipatwa na shida, huipeleka kwa sonara ikapimwa na kununuliwa kwa bei ya siku ile, au karibu yake. Almasi akiirejesha dukani, ataambiwa bei iliyo pungufu mno ya ile iliyolipwa. Kwa hivyo aliyeambiwa kuwa amepewa mali amepewa sifa ya mumewe aivae kidoleni.

Na yule masikini asiye na kitu? Katika hadithi ya Sahl bin Saad, mtu mmoja alitaka kuoa naye hana mali, Mtume (s.a.w.) akamtaka atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa alimuoza kwa Qurani aliyoihifadhi. Pete imetajwa humo kwa jina lake, nayo imetajwa kama mahari.

Lipo na suala la damu. Vita vya Sierra Leone, vya mwaka 1991 hata 2002, viliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa almasi zilizochimbwa na waasi waliokuwa wakiwakata watu mikono. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa Kimberley wa kuzitolea hati. Lakini mpango huo huzihesabu kuwa chafu zile tu zinazowapa fedha waasi wapiganao na serikali; na huko Marange, Zimbabwe, mwaka 2008, waliowaua wachimbaji walikuwa askari wa serikali yenyewe. Muislamu anayeuliza nyama imechinjwa vipi, na aulize pia jiwe limetoka wapi, asiridhike na karatasi.

Ama yule mwenye uwezo, aliyekwisha lipa mahari wala hana deni la watu, na mchumba wake alipenda jiwe hili, hatumzuii. Ajue kwamba almasi hupimwa kwa uzito, rangi, usafi na mkato, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Mng'aro hutokana zaidi na mkato kuliko uzito. Jiwe la karati moja kamili hupandishwa bei kwa ajili ya ukamilifu wa hesabu tu. Lenye upungufu kidogo jicho halitaona tofauti, na mfuko utaiona.

Na kabla ya kuivisha pete hiyo, atamke mbele ya walii na mashahidi: je, ni zawadi au ni katika mahari? Posa ni ahadi, si akdi, nayo huweza kuvunjika. Kilichotolewa kwa hesabu ya mahari hurejeshwa posa ikivunjika, kwani hapana mahari pasipo akdi. Ama zawadi, wanazuoni wamekhitalifiana: wako wasemao irejeshwe maadamu ingalipo, na wako watazamao ni nani aliyevunja. Maneno mawili yaliyoandikwa siku ile ya posa huziepusha nyumba mbili na ugomvi huo.