Anadaiwa Nini Anayeandika Vita vya Wengine?

Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire, Kongo ya leo, lilipitisha azimio lililozaliwa na ripoti. Ripoti hiyo ilikuwa kazi ya tume ya Vangu Mambweni, iliyotumwa Kivu kuchunguza suala la wakimbizi waliomiminika kutoka Rwanda na Burundi. Tume ilisafiri, ikauliza, ikaandika; kwa nje ilikuwa kazi ya utaalamu kama nyingine. Ndani ya kurasa zake, watu waliozaliwa katika milima ya Uvira na Fizi walitiwa kapu moja na wakimbizi wa juzi, na bunge likataka wote warudishwe. Huko Uvira mamlaka zikaagiza mali za Banyamulenge, Watutsi wa milima hiyo, ziorodheshwe. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini, Lwabanji Lwasi Ngabo, akawapa Banyamulenge wiki moja wawe wameondoka. Mwezi haujaisha, mji wa Uvira ulikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL na jeshi la Rwanda, na kambi za wakimbizi wa Kihutu katika bonde la Ruzizi zilikuwa zimevunjwa kwa risasi.

Ripoti ile haikuanzisha vita peke yake. Kigali ilikuwa na hesabu zake, utawala wa Mobutu ulikuwa umeoza, na wauaji wa kimbari wa Rwanda wa 1994 walikuwa wamejipanga upya makambini. Hata hivyo, maandishi ya watu waliopewa hadhi ya kujua yaliwatangulia wenye bunduki. Ndiyo maana swali hili halifai kuachiwa wanafalsafa wa vyuo tu: mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza na kueleza vita vya watu wengine, anawajibika kwa nani?

Jibu la ofisini ni kwamba anawajibika kwa aliyemtuma, na jibu la chuoni ni kwamba anawajibika kwa ukweli. Majibu yote mawili yanamruka mtu mmoja, yule anayeandikwa. Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, ulipo mji wa Uvira, kuna jibu la tatu, nalo ni la zamani kuliko ofisi na vyuo. Waislamu, ambao dini yao ilivuka ziwa pamoja na biashara ya Ujiji, Wakatoliki wa jimbo la Uvira lililoundwa 1962, na Wapentekoste ambao makanisa yao yalianza na wamisionari wa Norwe na Uswidi, wanatofautiana katika mengi. Juu ya ushahidi wanakubaliana. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi nzito. Kuuficha ushahidi unaohitajika nako ni dhambi. Ukiyaweka mafundisho hayo pamoja, mtaalamu wa usalama amebanwa pande zote: hana ruhusa ya kusema ovyo, wala hana ruhusa ya kunyamaza.

Miongoni mwa wageni waliolichunguza eneo hili kwa subira, Judith Verweijen wa Uholanzi ana nafasi yake. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2015, ilihusu maisha ya pamoja ya wanajeshi wa Kongo na raia wa Kivu: nani anamtoza nani, nani anamkimbilia mwanajeshi jirani yake anapomdhulumu. Wengi wa fani yake huanza na mikataba ya marais. Yeye alianza na Fizi na Uvira, kambini na vijijini. Baadaye alifanya kazi Uppsala, Ghent, Sheffield na Groningen, na mwaka 2016 Taasisi ya Rift Valley ikachapisha utafiti wake kuhusu wilaya ya Uvira, ukieleza jinsi kila ugomvi wa hapo, wa kiti cha mwami (chifu), wa shamba au wa kura, unavyojipatia bunduki zake.

Chukua ng'ombe. Mwaka 2017, yeye na mwandishi wa habari Mfaransa Justine Brabant walichapisha utafiti kuhusu mifugo na silaha huko Fizi na Itombwe. Kiangazi kinapoingia, wafugaji huhamisha makundi yao kwenda kutafuta majani, na njia inapita kwenye mashamba ya watu. Ng'ombe wakila mihogo, kuna utaratibu: hasara inapimwa, fidia inapangwa, mambo yanaisha. Sasa ingiza kikundi chenye silaha kinachojiita mlinzi wa wakulima, na kingine kinachojiita mlinzi wa wafugaji. Ongeza kizuizi ambapo kila kundi la ng'ombe hulipiwa ili lipite. Ongeza mwanasiasa anayeyatangaza mashamba yaliyoliwa kuwa uvamizi wa taifa. Mihogo ni ileile na ng'ombe ni walewale, lakini sasa watu wanakufa. Watafiti hao wawili walionyesha kwamba ugomvi wa mifugo haugeuki kuwa mauaji wenyewe. Kuna mikono inayougeuza, na mikono hiyo ina majina na faida zake.

Mutarule inaonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, katika kijiji hicho cha bonde la Ruzizi, watu wasiopungua 30, wengi wao Bafuliiru, waliuawa kwa risasi, mapanga na moto. Baadhi yao walikuwa ibadani. Nyuma ya usiku ule kulikuwa na wizi wa ng'ombe, kulikuwa na mvutano wa muda mrefu kati ya Bafuliiru na Barundi kuhusu nani atawale bonde, na kulikuwa na mwami wa Barundi aliyeuawa miaka miwili kabla. Wanajeshi wa serikali na walinda amani wa MONUSCO hawakuwa mbali, na hawakufika kwa wakati. Mwandishi anayeyaita mauaji hayo chuki za kikabila hajasema uongo wa moja kwa moja, lakini amewafutia hesabu watu wengi sana: mwizi, mshindani wa kiti, kamanda aliyekaa kimya.

Hapa ndipo neno la mtaalamu linapogeuka kuwa tendo. Mwaka 2020 Verweijen aliandika kwamba vita vya nyanda za juu za Kivu Kusini havielezeki kwa kuviita vya kikabila. Jina hilo, alisema, huficha sababu nyingine, na huwapa nguvu wanaotaka iwe hivyo. Ulikuwa mwaka wa Minembwe. Mwishoni mwa Septemba viongozi walitua huko, katika nyanda hizo za juu, kumsimika meya wa wilaya ndogo mpya, Kinshasa ikawaka kwa maneno ya kuigawa nchi, na baada ya siku chache Rais Félix Tshisekedi akaifuta hatua hiyo. Huko juu vijiji vilikuwa vinaungua: vya Banyamulenge, vya Babembe, vya Bafuliiru na vya Banyindu.

Hoja ya Verweijen inastahili kupingwa kwa heshima kabla ya kukubaliwa. Munyamulenge aliyesimamishwa barabarani akatazamwa pua yake kabla ya kuulizwa jina hana haja ya kuambiwa kwamba ukabila ni sababu mojawapo tu. Mubembe aliyepoteza ukoo wake Makobola, ambako askari wa kundi la waasi la RCD waliua mamia ya raia mwishoni mwa 1998, naye hana haja. Kwao, kuuawa kwa sababu ya kabila ni jambo lililowapata mwilini. Mchambuzi anayekimbilia kusema mambo ni tata anaweza kumnyang'anya mwathirika kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani kusadikiwa.

Na bado Verweijen yuko sahihi, kwa sababu mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Mtu anaweza kuuawa kwa ajili ya kabila lake katika vita ambavyo havikuanza kwa ajili ya kabila. Ushahidi wa haki unabeba yote mawili: unamwambia mwathirika kwamba alichokiona ni kweli, na unamwambia muuaji kwamba kisingizio chake hakitoshi. Ripoti ya 1995 ilishindwa hapo. Iliona kabila, ikaishia hapo, na waliokuwa na haja ya kisingizio wakakipata tayari kimepigwa mhuri.

Upande wa pili wa dhambi hii ni kunyamaza. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika milima ya wilaya hiyohiyo ya Uvira, ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mganga mkuu wake alikuwa Denis Mukwege. Miaka 14 baadaye, tarehe 1 Oktoba 2010, Umoja wa Mataifa ulichapisha Ripoti ya Mapping, yenye matukio 617 ya mauaji na ukatili kati ya 1993 na 2003, na Lemera imo. Mukwege alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 2018 alilalamika mbele ya ulimwengu kwamba ripoti hiyo inaozea kwenye mtoto wa meza huko New York. Wataalamu walioiandaa walifanya kazi yao kwa uaminifu, lakini ushahidi uliotolewa ukakosa mahakama bado haujamfikia uliyekusudiwa kumtetea.

Mwaka ule wa Lemera kulikuwa na mtu aliyejua yanayokuja, na hakunyamaza wala hakuondoka. Askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyesomea sayansi ya jamii Louvain, aliandika barua na miito mwaka wote wa 1996 akionya kuhusu vita vilivyokuwa vinakuja. Aliwatetea Wakongo, na aliwatetea pia wakimbizi wa Kirwanda ambao watu wengi hawakutaka kusikia wakitetewa. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba, siku chache baada ya Uvira kuanguka. Kwa elimu yake angeweza kuwa mchambuzi katika mji wowote wa Ulaya. Alichokuwa nacho kikubwa zaidi ni kwamba maneno yake yalimrudia mwenyewe: alikula alichopika.

Haitakuwa haki kumdai kila mtafiti afe. Michael Sharp, Mmarekani Mmenonite, alifanya kazi Bukavu na makanisa ya Kiprotestanti, akitembea msituni kuwashawishi waasi wa Kirwanda wa FDLR waweke silaha chini, kabla ya kuingia katika Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 12 Machi 2017 yeye na mwenzake Zaida Catalán wa Uswidi waliuawa Kasai. Majina yao yalizunguka dunia, na yalistahili. Mkalimani wao, Betu Tshintela, na waendesha pikipiki waliofuatana nao hawakupewa hata robo ya kilio hicho.

Jambo hilo halikuwa la Kasai tu. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji, wakiwemo Godefroid Muzalia, Emery Mudinga, Aymar Nyenyezi Bisoka, An Ansoms na Koen Vlassenroot, walitoa kitabu ambamo wasaidizi wa utafiti wa Kongo walisema waziwazi yaliyokuwa yakinong'onwa. Wao ndio wanaovuka mstari wa mapigano kwa pikipiki ya kukodi. Wao ndio wanaojua kumsalimu kamanda ili asikasirike. Mgeni akisharudi kwake, wao hubaki wakiulizwa na wanakijiji: mlichukua maneno yetu, mmetuletea nini? Halafu kitabu kinatoka, na jina lao halimo.

Ndiyo maana jalada la utafiti mkubwa wa mwaka 2021 kuhusu nyanda za juu lina maana ya kimaadili, si ya adabu tu. Jina la Verweijen limeandamana na majina ya Juvénal Twaibu, Moïse Ribakare, Paul Bulambo na Freddy Mwambi Kasongo. Kuandika jina la mtu ni kumpa sehemu ya sifa, na ni kumpa pia haki ya kubisha kabla wino haujakauka. V.Y. Mudimbe, mwanafalsafa wa Kongo aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba maarifa mengi kuhusu Afrika yalijengwa kwa vigezo vilivyoletwa kutoka nje, Mwafrika akiwa kitu cha kusomwa. Timu iliyochanganya watu wa milima ileile haimalizi tatizo hilo, lakini inaliweka mezani ambapo wenyewe wanaweza kulishika.

Deni hili halijaisha. Tarehe 10 Desemba 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Uvira, siku sita baada ya Marais Tshisekedi na Paul Kagame wa Rwanda kutia saini makubaliano Washington. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Wachambuzi wakaueleza mji kama mlango wa Katanga na kamba ya shingo ya Bujumbura. Hayo yote yana ukweli wake. Lakini kwa mama wa Kavimvira anayeuza ndagala, mlango huo ni nyumba yake, na mchambuzi anayesahau hilo anaanza kuiona Uvira kwa macho ya wanaoishambulia.

Kuna jambo moja la kufanya ambalo halihitaji mkutano wa wafadhili. Tafiti nyingi kuhusu wilaya hii huandikwa Kiingereza na Kifaransa. Watu wa Luberizi, Sange, Bijombo na Kalundu huongea Kiswahili, pamoja na Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi na Kinyamulenge. Utafiti ungeweza kurudi barazani kwa Kiswahili kabla ya kuchapishwa, wakulima na wafugaji wakausikia, wakasema pale hapakuwa hivyo. Kuna hatari: sentensi moja ikisomwa kwa sauti inaweza kumfichua aliyeisema, na kamanda anayetajwa anaweza kuwa na masikio mstari wa nyuma. Lakini watu wa bonde wanaijua hatari hiyo kuliko mtafiti yeyote. Waulizwe wao kipi kisomwe, mbele ya nani, na jina la nani lifichwe.