Nani Amtekee Mgeni Maji?

Wasomaji wetu wa Newala hawana haja ya kuambiwa thamani ya ndoo moja ya maji. Nchi ya juu ya Umakonde ni nchi ya mchanga: mvua ikinyesha hunywewa na ardhi, kisha hutokeza chemchemi chini kabisa mabondeni, na huku juu hakubaki mto wala kijito. Mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliona maji yakipandishwa kutoka bondeni, akayaandika habari zake. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyasukuma kwa mitambo, na tangu miaka ya 1970 Wafini walisaidia kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo bomba hukauka, na likikauka njia ya bondeni haijasahauliwa. Wanaoijua kuliko wengine ni wanawake na watoto wa kike.

Tumetanguliza habari hizo kwa kuwa swali letu la leo, ambalo kwa nje laonekana dogo, limo ndani ya ndoo hiyo.

Tumfikirie kijana wa Marekani au wa Ulaya aliyejitolea kuja kufundisha hesabu katika shule mojawapo ya huku kwetu kwa muda wa miaka miwili. Amepewa nyumba ya mwalimu. Asubuhi ya kwanza afungua mlango, na kumbe wasichana wawili wa kidato cha pili wamesimama nje, kila mmoja na ndoo kichwani. Wamwamkia, wamimina maji pipani, waenda zao. Yeye hakuomba. Afanye nini?

Akinyamaza, kesho watakuja tena, na baada ya mwezi mmoja itakuwa desturi. Akikataa, amemwaibisha mkuu wa shule aliyewatuma, na amewaudhi wazee ambao kwao kumtekea mgeni ni heshima ya mji mzima. Akiwalipa fedha, amewafanya vibarua, na kesho kutwa watalikimbilia pipa lake kumi badala ya wawili. Akishuka bondeni mwenyewe, atarudi jua limekwisha panda, na madaftari ya watoto yangali mezani hayajasahihishwa.

Wapo watakaotujibu kwamba kazi haimdhuru mtoto. Ni kweli, wala hatubishani nao. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alitaka shule iwe jamaa ya watu wanaofanya kazi na kula jasho lao. Lakini kazi ya shule si kazi ya nyumba ya mwalimu, awe mgeni au mwenyeji. (Na tukisema kweli, walimu wenyeji ndio waliowafundisha watoto desturi hii kabla mgeni hajashuka garini.) Kipimo chetu ni hiki: ndoo ile imetolewa katika saa za nani? Wakati wasichana wawili wakipanda kilima, wavulana wa darasa lao walikuwa wakifanya hesabu. Jioni mgeni yuleyule atashangaa mbona wasichana wanabaki nyuma katika somo lake.

Basi sisi twaona hivi. Ndoo ya siku ya kwanza aipokee kwa mikono miwili na kushukuru, maana kuikataa zawadi ya maskini ni namna ya kiburi. Baada ya hapo anunue maji kwa vijana wanaoyachuuza kwa baiskeli na pikipiki, kwa bei wanayolipa majirani zake, asizidishe. Siku moja moja ashuke bondeni pamoja na jirani, ili ajue anachokunywa. Ndoo imekwisha.

Lililobaki ni gumu zaidi. Kijana huyu atakula ugali wa muhogo na ming'oko kama sisi. Atasoma Kiswahili, kisha agundue kwamba msibani watu wanalia kwa Kimakonde, au huko Masasi kwa Kiyao na Kimakua, naye aketi mkekani kama mtoto asiyesikia neno. Atachekwa na kufundishwa na wanafunzi wake, jambo ambalo laweza kumfaa kuliko chuo alichotoka. Atasema kwa moyo mweupe kwamba anaishi kama wenyeji. Hapo ndipo tunapomzuia kidogo. Umaskini wake una mlango, nao ufunguo anao mwenyewe mfukoni. Walimu wa Peace Corps ya Marekani waliondoka Tanzania mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wote duniani waliitwa kwao kwa siku chache. Hatuwalaumu; aliyeitwa na serikali yake hana budi kwenda. Twasema tu kwamba hakuna aliyewaita watoto wa darasa lile kwenda popote.

Je, yafuata kwamba asije? La, hasha. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka pwani, wakafanya kijiji Masasi. Mwaka 1882 Wangoni waliwashambulia, na kituo kikahamishiwa Newala. Miongoni mwa waliofundisha katika nchi hii baadaye alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa na kusomeshwa Unguja. Mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ile. Alikaa Chitangali zaidi ya miaka kumi, naye pia akarudishwa Unguja. Kuondoka si dhambi. Lililo baya ni kuwaficha watu siku ya kuondoka. Mgeni na aiandike tarehe ubaoni siku anayoingia darasani, na mkuu wa shule aanze siku hiyohiyo kudai mwalimu wa kudumu, asikae raha miaka miwili akisema, "Tunaye Mzungu."

Tena katika shule hiyohiyo mara nyingi yupo mwingine anayejitolea. Ni kijana wa Kitanzania mwenye shahada ya ualimu, anayengoja ajira ya serikali mwaka wa pili au wa tatu. Afundisha vipindi vilevile, pengine zaidi, kwa posho inayotoka katika michango ya wazazi, nayo haifiki kila mwezi. Korosho zikiuzwa vibaya, haifiki kabisa. Amepanga chumba kijijini. Mgeni alipofika palikuwa na ngoma na hotuba. Alipofika huyu aliulizwa atakaa wapi. Yeye pia angependa kuondoka, ila hana mahali panapomwita. Twamwomba mgeni, akipata nafasi jioni, aende akagonge mlango wa chumba kile, amwulize mwenzake anapata wapi maji.