Haki na Shangwe ya Umati

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, ukateremka kuinywesha Dar es Salaam. Bangi ilimwayo kwa siri milimani nayo huteremka kumfuata mnunuzi. Adhabu ndiyo hupanda. Mkulima aweza kufungwa miaka 30, na tajiri wa biashara hiyo asijulikane. Februari 2017, jijini Dar es Salaam, mkuu wa mkoa alitangaza hadharani majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya kabla mahakama haijasema neno, na wengi wakashangilia. Hasira ya wazazi walioharibikiwa watoto ni ya haki. Lakini hasira si mizani. Adhabu itolewayo ili kuupendeza umati humwangukia aliye karibu na mkono, kwani kamba hukatikia pembamba. Mtawala mwadilifu huuliza kwanza: nani amekosa, na kwa kiasi gani? Shangwe haiwezi kumjibu.